Mwaka Gari Lilipolala

Juzi niliposhuka kwenye basi stendi ya Kibondo, nikiwa bado natafuta begi langu kati ya magunia na matenga ya kuku, nilisikia jina langu likiitwa kutoka ng'ambo ya uwanja. "Yusta! Yusta wa miti!" Sikumwona aliyeniita. Nilikaza macho kuelekea kwenye vibanda vya chipsi, nikaona watu, lakini watu wasio na nyuso, maana miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba na mimi ni mtu wa kujidai kwamba naivaa kwa kusomea tu. Mpaka alipovuka uwanja mzima na kusimama mbele yangu ndipo nilipomtambua: Mzee Kaloli, dereva wetu wa zamani, amekonda kidogo, ndevu zimekuwa nyeupe, amevaa koti lile lile la kaki au ndugu yake. Nilikunja magoti kidogo, nikapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimia wakubwa huku Buha, nchi ya Waha, nikasema shikamoo baba. Akaitikia, kisha akanicheka. "Nimekuona tangu uko kwenye ngazi ya basi," akasema. "Umetanguliza mguu wa kushoto." Nikajifanya natafuta begi tena. Mtu asiyejua habari zetu angeshangaa mwanamke mzima kutaka kulia kwa sababu tu mzee fulani amemwona kwa mbali.

Nilikuwa nimekuja kwenye sherehe ya kumuaga Dorika, binti wa Kaloli, anayeolewa Kasulu. Lakini jioni ile, nikiwa nimekalishwa kwenye kigoda jikoni kwao, sahani ya ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese ikiwa mapajani, sikuweza kufikiria harusi. Nilikuwa nafikiria mwaka niliokaa katika nyumba hiyo, mwaka ambao gari la ofisi yetu lililala, na jinsi nilivyoishi miezi mingi nikiamini kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimemnyang'anya kazi mtu aliyekuwa ananilisha.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na cheti ambacho wino wake ulikuwa haujakauka. Mradi ulioniajiri ulikuwa mdogo, wa miche ya miti na majiko banifu, ofisi ikiwa Kibondo mjini na vikundi vya akina mama vikiwa Kitahana, Kumsenga, na mbali kule Titye upande wa Kasulu. Kaloli alikuwa na chumba cha uani kisicho na mtu, mimi nilikuwa sina pa kulala, tukapatana siku hiyo hiyo. Chumba kilinuka asali, kwa kuwa mkewe, Mama Dorika, aliifanyia biashara na ndoo zake zilishinda chini ya kitanda changu. Dirisha lilikuwa dogo, limetazama jiko, hivyo kila asubuhi niliamshwa na moshi kabla ya jogoo. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa tofali mbichi, mwembamba, na maneno yalipita humo yalivyotaka. Kaloli na mkewe walikuja nchi hii wakiwa wadogo, wamekimbia Burundi na wazazi wao, na ingawa walikuwa raia kwa karatasi, ulimi wao ulikuwa bado wa Kirundi. Kwangu mimi Muha hilo halikuwa tatizo, kwa sababu lugha zetu zinaelewana bila mkalimani. Tulikula pamoja, sahani moja kubwa, na Dorika, aliyekuwa hajaanza shule, alikuwa na tabia ya kuchagua dagaa wakubwa na kuniwekea upande wangu huku akimtazama baba yake kwa jicho la wizi.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, jeupe, la dizeli, lenye antena ndefu mbele kama fimbo ya uvuvi. Nilipenda kupanda gari lile, sitadanganya. Kila asubuhi mimi na Kaloli tuliondoka nalo uani, nikiwa nimekaa mbele, kiwiko dirishani, na tulifika ofisini kabla kiti hakijapata joto, maana ofisi ilikuwa pale tu nyuma ya soko. Gari lilitumwa kununua chapati. Lilirudi, likatumwa vocha ya simu. Saa saba lilimpeleka mkuu wetu, Mama Goreti, kula kwake, na paa la nyumba yake lilikuwa linaonekana kutoka barazani kwetu. Siku nyingine lilikwenda Kumsenga asubuhi kumpeleka mtu mmoja, likarudi tupu, likaenda tena mchana kumchukua. Baada ya hapo tulipanda humo humo, tukaenda Kitahana kuwaambia akina mama wanaochota kuni kwa kichwa kwamba moshi wa mafiga matatu unaharibu hali ya hewa. Hakuna aliyetucheka mbele yetu, na kwa hilo nawashukuru.

Aliyetucheka alikuwa Mapendo. Huyu alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, aliyeishi kambi ya Nyarugusu, mwenye kuuza sabuni sokoni mwa kambi na kutusaidia kazi ya majiko huko ndani. Tulikutana kwenye semina ya siku kadhaa mjini Kasulu, na ilibidi apate kibali ndipo atoke kambini kuhudhuria. Mwezeshaji alitufundisha habari ya hewa ukaa, ile inayotoka kwenye bomba la gari na pikipiki, akatuambia kila mtu ana sehemu yake anayoiacha hewani kwa namna anavyosafiri siku kwa siku, na kila mtu anaweza kuipunguza. Kisha akatuweka wawili wawili tushauriane tutapunguza safari gani. Mimi nikaangukia kwa Mapendo, nikamuuliza kwa sauti yangu ya kiofisi, wewe dada utapunguza nini? Alinitazama, akaweka chini soda yake.

"Ma sheri," akasema, yaani mpenzi kwa Kifaransa cha kwao, "miye natembeaka na mguu toka nyumba mpaka soko, toka soko mpaka kanisa. Pa kwenda ingine sina ruhusa. Sasa unataka nipunguze kanisa?"

Tulicheka mpaka mwezeshaji akatukaripia. Lakini usiku huo, na kesho yake njiani kurudi Kibondo, maneno hayo hayakunitoka. Mtu ambaye hata kutoka getini anaomba kibali, nimemuuliza apunguze safari, halafu nimepanda gari zima kurudi nyumbani nikiwa abiria peke yangu. Nilimtazama Kaloli akiendesha, ameegemea usukani kwa mbele kama alivyokuwa anafanya siku hizo, taratibu sana, na nikahesabu kichwani chapati, vocha na paa la Mama Goreti. Niliona aibu. Na mimi nikiona aibu huwa siwezi kuitunza, lazima niitoe kwa watu.

Niliitoa Ijumaa hiyo, wakati wa chakula cha mchana ofisini, tukiwa tunakula ndizi za kupikwa na maharage. Nilisema kwamba kabla hatujamwambia mwanamke yeyote habari za moshi tena, gari lipunguziwe safari. Tutembee kwenda soko. Safari za vijijini zishonwe pamoja, gari litoke siku moja kwa wiki na lipite kote, Kumsenga, Kasulu, Titye, na kurudi. Kitahana, ambako ni karibu, tuende kwa baiskeli. Jambo la kuulizwa kwa simu lisifuatwe kwa gari. Nilitegemea Mama Goreti anikate kauli, maana alikuwa mwanamke wa kukata kauli. Yeye akafuta mikono, akasema, "Kumbe una akili zaidi ya zile ulizoandika kwenye barua ya kazi. Tunaanza Jumatatu." Halafu, kwa utani au kwa kweli, sikujua, akamgeukia Kaloli. "Ila dereva wa gari linalolala ni mlinzi, na mlinzi ninaye. Mkataba wako ukifika mwisho tutaongea."

Nilirudisha ndizi sahanini. Nilikuwa nimefikiria dizeli, nimefikiria moshi, nimefikiria hata tairi. Sikuwa nimemfikiria Kaloli. Nilimtazama nikitegemea kuona hasira, lakini alikuwa anatafuna polepole, uso wake umelegea, akasema tu, "Ego, ni wazo zuri." Ndiyo, ni wazo zuri. Sasa nikikumbuka sura ile naijua ilikuwa nini. Wakati ule niliona ni uungwana wa mtu anayechinjwa huku akishukuru.

Basi tukaanza. Gari lililala ofisini, na mimi na Kaloli tukawa tunakwenda kazini kwa miguu. Alipenda nitangulie. Kwenye vijia vya nyuma ya soko, vyenye mifereji na kamba za mbuzi, alinifuata nyuma kabisa, karibu akanyage visigino vyangu, na nilidhani ni adabu tu, au ni umri. Ofisi ilinunua baiskeli mbili, nzito, za chuma, zenye kuvuta upande. Safari yangu ya kwanza ya Kitahana nilipiga hesabu vizuri sana: umbali huu, mwendo huu, nitafika saa tatu kamili. Hesabu hiyo angeweza kuikosea Muha tu, tena Muha aliyezoea gari. Huku kwetu huwezi kumpita mtu mzima ukiwa juu ya baiskeli ukamrushia salamu begani. Unashuka. Unasimamisha baiskeli, unainama, unapiga makofi, unauliza amekeshaje, na watoto, na mihogo, na ng'ombe kama anaye, naye anakuuliza wa kwenu. Halafu unapanda, unasukuma pedali kidogo, mwingine huyu hapa. Nilifika wakati akina mama wa kikundi wameshabeba majembe yao. Mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, akanitazama nilivyoloa jasho.

"Ulipita kwa nani huko?"

"Kwa wote," nikasema.

"Na mlipokuwa mnakuja na gari?"

"Gari halisalimii, mama."

Walicheka, wakashusha majembe, wakarudi kukaa. Siku hiyo waliniuliza maswali ambayo hawajawahi kuyauliza mbele ya antena ile. Nilirudi Kibondo miguu ikitetemeka, nikiwa na furaha ya kweli, na furaha hiyo iliishia pale nilipoingia uani na kumkuta Kaloli amekaa kwenye ngazi ya jiko hana la kufanya. Hivyo ndivyo mwaka ule ulivyokuwa kwangu. Kila kilichofanikiwa barabarani kiliniuma nyumbani. Mama Dorika aliendelea kunipakulia kama kawaida, na hilo ndilo lililonitesa, ningependa aninunie.

Siku moja ya juma ndiyo ilikuwa ya gari, na siku hiyo Kaloli alibadilika. Zamani alikuwa dereva wa kupita huku amenyanyua kidole kimoja tu kwenye usukani, salamu ya kidereva. Sasa alipunguza mwendo kwa kila kilichosimama kando ya barabara. Alishusha kioo, akapiga honi ndogo, akasalimia, hata watu ambao niliona wazi hawamjui. Mama Goreti alilalamika kwamba gari limeanza kuwa na adabu kuliko baiskeli. Halafu kuna siku, tukitoka Kumsenga jua likiwa mbele yetu, aliona mtu amesimama peke yake kwenye kona. Akapunguza mwendo, akasimama kabisa, akashusha kioo, akapiga makofi juu ya usukani na kusema kwa heshima yote, "Mwidiwe, mzee." Mzee hakujibu. Alikuwa gunia la mkaa, limejazwa hadi juu na kufunikwa majani kichwani kama wanavyofanya wauzaji, limewekwa pale kungoja mnunuzi. Tulicheka mpaka Mama Goreti akatoka nje ya gari kupata pumzi. Tukasema mradi wa kupunguza mkaa sasa unausalimia. Kaloli alicheka pia, akasema, "Mkaa nao una wenyewe, lazima uheshimiwe." Alicheka vizuri sana. Alijua kucheka kwa wakati unaofaa, na sisi, wasomi wa hewa, hatukuona kitu.

Mvua zilipokaribia kwisha, na mkataba wake nao, nilisikia maneno kupitia ukuta ule. Ilikuwa jioni, Mama Dorika anakoroga ugali, mwiko ukigonga sufuria, na mimi nimekaa kitandani nakunja nguo. Alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya mtu aliyerudia jambo mara nyingi, "Sema mwenyewe kabla hawajakusemea."

"Nikisema, tutakula nini?" Kaloli akajibu.

"Hata usiposema, si gari limelala?"

Mwiko ukarudi kugonga sufuria. Nilielewa nilivyoelewa: kwamba Kaloli ana la kusema juu ya mpango wangu, kwamba anataka kwenda kwa Mama Goreti kulalamika na anaona aibu kwa sababu yangu. Nilikaa na blauzi mkononi, nikajiuliza mti una maana gani kama unapandwa juu ya mgongo wa mtu. Nilikuwa kijana, nilipenda maswali makubwa. Lakini uchungu ulikuwa wa kweli, na chakula cha usiku huo nilikila kwa kulazimisha, Dorika akiniwekea dagaa na mimi nikiwarudisha.

Jumapili yake, tulipotoka kanisani, tulikaa uani tukipukuchua maharage kwenye mkeka, sisi watatu, mtoto akikimbiza kifaranga. Nilikuwa nimeamua. Nilisema, "Baba, kesho nitamwona Mama Goreti. Nitamwambia baiskeli zimetushinda, gari lirudi barabarani kila siku kama zamani. Mkataba wako hautaguswa."

Kaloli aliacha kupukuchua. Sikuwahi kumwona ameogopa, lakini hapo aliogopa.

"Oya," akasema. "Oya, mwana wanje." Hapana, mwanangu. "Usithubutu."

"Kwa nini? Mimi ndiye niliyeanzisha."

"Na Mungu akubariki kwa kuanzisha." Alishika ganda la harage, akalisogeza karibu na uso, akalizungusha kama mtu anayetafuta mahali pa kulipasulia. "Unaniona nilivyokaa hapa? Miye nakuona kama mtu aliye nyuma ya chandarua. Barabara naisikia, siioni. Tangu mwaka jana. Mlima naujua kwa injini, kona naijua kwa miaka. Lakini mtoto akikatiza, hiyo haina miaka." Akaliacha ganda lianguke mkekani. "Ulipokuja na maneno yako ya dizeli, nikasema basi, Mungu amesikia, nitaendesha siku moja badala ya sita. Siku tano nalala usingizi. Sasa unataka kunirudisha kule."

Mama Dorika alipiga makofi mara moja, kwa nguvu, maharage yakaruka. "Nilimwambia aseme," akasema, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Kila wiki mkitoka na gari, sha, nilikuwa sili mpaka niwasikie mmerudi."

Mimi kilichonijia kwanza kilikuwa gunia. Nilimwona Kaloli na makofi yake juu ya usukani, na honi zake ndogo, na watu wote wale asiowajua aliowasalimia kwa sababu hakuweza kuona ni nani, na aliogopa kumpita mkubwa kama mtu asiye na malezi. Kisha nikaiona barabara ya kambini, ilivyojaa watoto saa za shule, na mimi nimekaa mbele, kiwiko dirishani. Hatukuwa tumemgusa mtu, hata kuku. Nilianza kutetemeka mambo yakiwa yameshapita, kama mtu aliyevuka mto gizani na kuoneshwa asubuhi ulivyojaa. Halafu, chini ya woga huo, kikaja kitu kingine ambacho sikukitegemea, wepesi, mzigo wote wa miezi ile ukinishuka mabegani pale pale mkekani. Sikumnyang'anya kitu. Nilikuwa nimempunguzia hatari bila kujua ninapunguza nini. Nilimshika mkono, yule mzee, nikamwambia nafurahi. Niliona aibu kufurahia mtu kutoona, nikamwambia hilo pia, naye akasema yeye amefurahi zaidi yangu na haoni aibu.

Alikwenda kusema mwenyewe Jumatatu. Mimi nilisimama barazani, mlango ukiwa wazi. Mama Goreti alisikiliza mpaka mwisho, na nadhani naye alikuwa anaipita barabara ile yote kichwani. Kisha akauliza funguo ziko wapi, Kaloli akaziweka mezani, na ule mlio wa funguo juu ya mbao naukumbuka mpaka leo, kwa sababu baada yake Kaloli alishusha pumzi ndefu ambayo hata mimi niliyekuwa nje niliisikia. Sikutegemea Mama Goreti aseme aliyoyasema. Alisema kitalu cha miche kinahitaji mtu mzima wa kukaa nacho, na kwamba dizeli tusiyoichoma inaweza kulisha mtu mmoja bila mradi kuumia. Siku ya gari tungekodi dereva. Mama Goreti alipofika mlangoni akitoka, akageuka. "Na lile gunia, Kaloli. Ungeniambia, nisingecheka kiasi kile."

Miche ilimpenda. Aliijua kwa vidole, akitembea kati ya mistari amechuchumaa nusu, akigusa udongo. Lakini si hapo ilipoishia. Kabla mwaka haujageuka tulisikia madaktari wa macho wamefika hospitali ya Kibondo, watakaa siku chache. Gari siku hiyo lilikuwa Titye na dereva wa kukodi, na bodaboda zilikuwa bado chache wakati ule. Nikatoa baiskeli. Kaloli aliikataa kwanza. Mwanamke kijana ambebe mzee kwenye keria mchana kweupe, mbele ya mji mzima? Mama Dorika akamwambia achague kati ya aibu na giza. Akapanda, ameketi upande, miguu pamoja, kofia mkononi.

Tatizo lilikuwa lile lile. Mji mzima ulikuwa barabarani, na nisingeweza kushuka kwa kila mtu nikiwa na mgonjwa nyuma. Basi tukagawana kazi. Mimi nilisukuma pedali na kutazama, nikasema kwa sauti ya chini, "Mama Skola, kulia, ana beseni." Kaloli, kutoka nyuma, akapiga makofi: "Mwidiwe Mama Skola, na beseni hilo umetoka mbali." "Katekista, kushoto, na mkewe." "Mwidiwe katekista, mama, mmekeshaje." Watu walisimama wakitutazama, wakacheka, wakaitikia. Hakuna aliyepitwa bila heshima yake. Jasho lilinitiririka, ngozi ya viganja ilinichubuka, na sijawahi kusafiri safari nzuri kuliko ile, wala sidhani kama kuna kitu kilipanda hewani kutoka kwetu isipokuwa salamu.

Ilikuwa mtoto wa jicho. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja, na baadaye la pili. Siku ile bandeji ilipotolewa alimtazama Dorika kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe ana pengo." Pengo hilo lilikuwa na miezi.

Niliondoka Kibondo mwaka uliofuata, kazi ikanipeleka kwingine. Siku hizi barabara ni nzuri na pikipiki zimejaa kila kona, na watu wanazipanda kutoka soko mpaka msikitini, umbali wa kutema mate. Sihubiri tena. Mapendo ndiye aliyenikomesha kuhubiri. Lakini mwenyewe, kabla sijawasha kitu, huwa najiuliza kama safari hiyo haiwezi kungoja mwenzake, na kama miguu imekatika. Ndiyo maana juzi nilikuja kwa basi la watu wote, gari la ofisini kwangu nikaliacha lipumzike. Watu hudhani ni ubahili, na mimi nawaacha wadhani.

Asubuhi baada ya sherehe, Kaloli alisema atanisindikiza kwa miguu mpaka Kitahana, nikawaone akina mama wale waliobaki na miti waliyopanda. Safari hii alitangulia yeye. Mimi nilifuata nyuma, karibu nikanyage visigino vyake, mkoba begani, miwani ndani ya mkoba. Mbele yetu, kwenye kona yenye ukungu, niliona mtu amesimama peke yake, mfupi, ana kitu kichwani. Nilikaza mwendo ili nisionekane mtoto asiye na malezi. Nikakunja magoti, nikaleta viganja pamoja, nikafungua kinywa.

Kaloli hakupunguza hatua. Alinishika kiwiko, akaninyanyua taratibu.

"Hilo ni gunia, mwana wanje," akasema. "Vaa miwani yako, twende."